Ekari sita Koru, vichaka na visiki vya miwa: ninunue trekta gani iliyotumika?

KoruJuu

Habari zenu wadau. Nina ekari sita upande wa Koru, Kaunti ya Kisumu. Lilikuwa shamba la miwa la marehemu baba, na tangu miwa ya mwisho ikatwe halijaguswa. Juu, karibu na boma, ni udongo mwekundu uliofunikwa na vichaka vya lantana na nyasi sugu za sangari. Katikati kuna visiki vya mikaratusi ambavyo vimeanza kuchipuka tena. Chini kuelekea mtoni ni udongo mweusi, na mashina ya miwa bado yamo ardhini. Nataka mahindi na maharagwe huku juu. Chini nirudishe miwa au nipande nyasi za ng'ombe.

Bajeti ni laki nane, na ikiwezekana plau iwe humo humo. Nimeona tatu mpaka sasa. Kuna Massey Ferguson (MF) 240 kwenye yadi moja Nakuru, rangi nyekundu inawaka, mita inasoma masaa 2,100 na mwenye yadi anataka laki nane na nusu. Kuna Ford 5000 ya mzee mmoja Mau Narok, rangi ilishaisha zamani, matairi ya nyuma yamelika, ila anaitoa na plau ya diski tatu kwa laki sita na nusu. Halafu kijana wa Eldoret ana Kubota ndogo iliyotoka Japani, nguvu za farasi ishirini na kitu, inavuta magurudumu yote manne na ina rotaveta yake, ile mashine ya visu vya kusaga udongo. Hiyo ni laki saba.

Mimi si fundi. Mwenye kujua anisaidie kabla broka hajanimaliza.

NgombeNaPlau

Ekari sita? Nunua fahali wanne na plau ya mkono, ubaki na laki sita mfukoni. Ng'ombe haombi dizeli.

KoruJuu

Ng'ombe tunao ndugu yangu, lakini kwa ile lantana hata wao watanigomea.

FundiNjoro

Bwana KoruJuu, weka rangi kando kwanza. Rangi mpya kwenye trekta ya zamani mara nyingi imepakwa juu ya oili. Pitisha kidole chini ya giaboksi na pale ekseli ya nyuma inapoingia kwenye rimu. Ukikuta rangi laini inayovutika, kuna sili (mpira wa kuzuia oili) inavuja na walipaka bila hata kuosha.

Ukifika yadini, kabla hujasalimiana na mtu, gusa injini. Ikiwa ya moto, wameiwasha mapema usione inavyosumbua asubuhi. Waambie unaenda kunywa chai Nakuru mjini, utarudi ikishapoa. Ikiwa baridi, fungua rejeta kabla haijawashwa, uangalie kama maji yana utando wa oili. Chomoa kijiti cha oili ya injini, kisha kile cha giaboksi. Oili ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia. Kwa Massey oili ya giaboksi ndiyo hiyo hiyo ya haidroliki, kwa hiyo maji yakiingia huko yanaharibu pande mbili kwa mpigo.

Sasa iwashwe. Moshi mweusi kidogo ukikanyaga mafuta si neno. Wa bluu usiokoma ni oili inaungua. Mweupe unaoendelea hata injini ikishapata moto, ulizia nozeli, pampu ya dizeli au gasketi ya kichwa. Kisha fungua kifuniko cha kutilia oili injini ikiwa inanguruma. Ikipumua moshi kwa nguvu pale, ringi zimechoka.

Lakini injini sio ya kukuogopesha sana. Ile ya 240 ni Perkins ya silinda tatu, lita 2.5, ya ukoo mmoja na ya MF 135 zilizotengenezwa Uingereza kuanzia 1964 hadi 1975. Spea zake zimejaa Nakuru, Kisumu na Eldoret, nyingi za Pakistani na India, na kila soko lina fundi anayeifungua usiku bila tochi. Kinachomaliza watu ni nusu ya nyuma, yaani giaboksi, difu (gia za ekseli ya nyuma), haidroliki ya kuinulia plau na breki. Hiyo nusu ndiyo wanunuzi hawaiangalii kwa sababu haitoi moshi.

Waambie wafunge plau. Inua mpaka juu, zima injini, ukae pale. Trekta ya umri huu ikishuka polepole sana, sawa. Ikifika chini hujamaliza kuongea na simu, pampu au sili za silinda ya kuinulia zimeisha, na kwa Massey pampu hiyo imo ndani ya nyumba ya nyuma, inalowa kwenye oili. Kuifikia ni kazi.

Endesha kwenye mteremko ukiwa umeingiza gia, bila kukanyaga klachi. Gia ikiruka yenyewe, ondoka. Kanyaga breki ya kushoto peke yake, halafu ya kulia peke yake. Breki moja ikiwa haishiki, mara nyingi oili imepita kwenye sili ikalowesha ndani. Lala chini utazame pale injini inapoungana na giaboksi. Alama ya kuchomelewa hapo maana yake trekta ilishawahi kukatika katikati. Tikisa gurudumu la mbele kwa mikono miwili, likicheza ni kingpini au bushi. Hiyo si ya kukataa trekta, ni ya kupunguza bei.

Kuhusu mita: inaendeshwa na kebo. Kebo ikikatika mita inalala, trekta inaendelea kulima miaka. Tazama pedali ya klachi na yale matundu ya mikono ya kubebea plau. Chuma kilicholika mpaka mpira wa pedali umesahaulika hakiendani na masaa 2,100.

KoruJuu

Asante sana fundi, hii naichapisha niende nayo. Na ile Ford?

FundiNjoro

Ford 5000 ni silinda nne, za miaka ya 1964 hadi 1975 pia, nzito na yenye nguvu kuliko 240. Diski tatu inavuta bila kulalamika. Spea zipo ila duka la Koru hutazikuta, utapanda Nakuru au Eldoret. Vipimo vyote nilivyoandika juu vinaihusu nayo, isipokuwa usiniulize rangi. Trekta isiyopakwa rangi inakuonyesha yenyewe inapovuja.

MamaTrekta_Kimilili

Mulembe. Mwanangu, kabla hujafika kwenye moshi wa bluu, kaa chini na kalamu. Mimi nina trekta mbili za kukodisha hapa Kimilili na nakwambia ekari sita peke yake hazilishi trekta.

Huku natoza 3,500 kwa ekari plau ya kwanza na 2,500 haro ya kuvunja mabonge. Kwa ekari zako sita hiyo ni 36,000 kwa msimu, 72,000 kwa mwaka ukilima mvua za masika na zile fupi. Ukinunua trekta ya laki nane na plau kuukuu ya laki moja na ishirini, utahitaji zaidi ya miaka kumi na miwili kurudisha pesa hiyo, na hapo sijahesabu dizeli, oili, dereva wala ile siku tairi litapasuka Machi wakati kila mtu anataka kulimiwa.

Kwa hiyo kuna njia mbili tu. Ukodishe ya mtu, siku hizi hata kwa programu za simu kama Hello Tractor utaitisha, au ununue ukijua unaingia biashara ya kulimia majirani. Ukiingia biashara, swali lako si tena trekta gani inafaa ekari sita. Ni trekta gani dereva wangu hataweza kuiua.

Dereva ndiye trekta. Wangu wa kwanza alikuwa anauza dizeli kwenye mitungi ya lita tano. Sasa nalipa kwa ekari iliyolimwa na najaza tangi mwenyewe, najua plau inakula lita ngapi kwa ekari kwenye udongo wetu.

FundiNjoro

Mama, nakuheshimu lakini hapo kwenye hesabu umeacha kitu kimoja. Anayekodisha analimiwa mwisho. Mwenye trekta anapanda mvua ikigusa ardhi, wewe unayengoja unapanda wiki tatu baadaye, na mahindi hayakusamehi hizo wiki tatu.

MamaTrekta_Kimilili

Ni kweli. Ndiyo maana wateja wangu wanaolipa Januari nawalimia Januari, kukiwa kukavu. Wanaonipigia baada ya mvua ya kwanza wanangoja foleni. Mtu wa ekari sita akijipanga mapema hana haja ya kununua chuma.

MpungaAhero

Omera KoruJuu, huku Ahero tunaishi kwenye huo udongo mweusi, kwa hiyo nisikilize. Ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mguu na diski zinateleza juu. Ukilowa kabisa unajaza meno ya tairi, gurudumu linazunguka pale pale na unachimba kaburi la trekta yako. Katikati ya hali hizo mbili kuna siku chache ambapo unakatika vizuri. Ukizipoteza, subiri msimu.

Kwenye udongo huo nguvu za injini sio kitu cha kwanza. Ni uzito na mshiko. MF 240 bila vizito haifiki tani mbili na inavuta kwa magurudumu ya nyuma tu. Huko juu kwenye wekundu itacheka, huku chini itahitaji vizito kwenye rimu au maji ndani ya matairi. Tunajaza robo tatu ya tairi. Faida yake unaiona siku hiyo hiyo. Hasara ni kutu kwenye rimu usipoangalia, kwa hiyo unaponunua trekta iliyowahi kujazwa maji, kagua rimu karibu na valvu. Ndiko kutu huanzia.

Ile Kubota ina mvuto wa manne na ni nyepesi. Kwa mpunga, kwenye maji, trekta nyepesi yenye rotaveta inafaa. Kwa kuvunja udongo ambao haujalimwa kwa miaka, nooo.

JaSeme

Mnaongea kulima na shamba bado ni msitu. Huyu bwana kazi yake ya kwanza ni kufyeka, na hapo ndipo trekta za watu hufa.

Sisi Seme tuna mawe na visiki kuliko udongo. Utaratibu wetu ni huu. Watu na panga kwanza, lantana ikatwe chini kabisa na ilundikwe ikauke. Baadaye unaweza kupitisha slasha ya trekta, ile mashine ya kufyeka, kwenye machipukizi laini, lakini kwenye lantana iliyokomaa na usiyoona chini yake kuna nini, kisiki kimoja kinapinda kisu na kingine kinatoboa tairi la mbele. Usisukume kichaka kwa pua ya trekta. Mbele hapo ni rejeta, na rejeta iliyotobolewa na kijiti haijali trekta ilikuwa ya bei gani.

Mikaratusi ikishachipuka haiondoki kwa plau. Ichimbwe kwa jembe na sururu, mizizi ya pembeni ikatwe kwa shoka, ndipo uivute. Na mnaovuta kwa trekta, tafadhali: mnyororo ufungwe kwenye ile baa ya chini ya kuvutia. Sio kwenye ekseli, sio kwenye mkono wa juu wa plau. Ukifunga juu na kisiki kikakataa, magurudumu ya nyuma yanabaki chini, pua inanyanyuka na trekta inakugeukia mgongoni. Inachukua muda mfupi kuliko wa kukanyaga klachi. Wanaokufa hivyo si wageni wa trekta, ni madereva wazoefu wenye haraka.

Visiki ni vingapi? Vikiwa vichache vijana wanavimaliza. Vikiwa vingi, tafuta mashine ya kuchimba inayofanya barabara karibu, ukubaliane nao saa chache Jumapili.

KoruJuu

Vinakaribia ishirini. Na mashina ya miwa je?

JaSeme

Hayo ndiyo rahisi. Plau ya diski wakati wa kiangazi, uyapindue mizizi itazame jua. Yaache yakauke hasa, kisha haro nzito. Ukiyapindua mvua ikiwa karibu, yanashika tena na unakuwa umeyapalilia tu.

SangariNiShetani

Na ile rotaveta ya Kubota isiguse sangari!! Inakatakata mizizi vipande vidogo, kila kipande kinaota. Jirani yangu Rongai alifanya hivyo, shamba likawa kapeti la kijani msimu uliofuata. Sangari inapinduliwa kwa plau kiangazi, inakauka, unaikusanya kwa haro ya meno au kwa mikono na kuichoma. Au dawa kabla ya kulima, wakati ikiwa kijani na inakua.

FundiNjoro

Hapo kwa rotaveta na slasha niongeze jambo ambalo madalali hawalitaji. Ulizia kama trekta ina klachi mbili. Yenye klachi moja, ukikanyaga kusimamisha magurudumu, PTO (mhimili wa nyuma unaozungusha slasha au rotaveta) nayo inasimama, na kwa Massey haidroliki pia inasimama. Yenye klachi mbili, nusu ya kwanza ya pedali inasimamisha trekta, slasha inaendelea kuzunguka na kumaliza rundo lililo mbele yake. Kwa mtu anayefyeka, tofauti ni kubwa. MF 240 zipo za aina zote mbili.

Na kwa yenye klachi moja, slasha ile nzito ikishashika mwendo inaweza kuisukuma trekta mbele hata baada ya kukanyaga klachi, kwa sababu uzito unaozunguka unarudisha nguvu kwenye giaboksi. Kuna kiungo maalumu cha kuvalisha kwenye PTO kinachozuia hilo. Nunua kabla ya slasha.

Karani_Milimani

Wote mmeacha makaratasi. Bwana Koru, trekta nyingi zina namba zinazoanza na KT, na umiliki wake unahamishwa NTSA, mamlaka ya usafiri, kupitia mtandao wa serikali wa eCitizen kama gari lolote. Mwuzaji awe na logibuku (hati ya umiliki) kwa jina lake. Ukiambiwa "hii ni ya marehemu mzee, tutaandikiana kwa wakili", jua unanunua kesi ya mirathi ya watu.

Linganisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma na ile ya logibuku. Injini hubadilishwa, si ajabu, lakini mabadiliko yawe yameandikwa. Logibuku ikiwa na jina la benki pamoja na la mwenyewe, mkopo haujaisha, usitoe pesa mpaka benki iachilie. Na ufanye utafutaji wa umiliki kabla ya kutuma hata senti ya kushikilia, maana huko yadini "kuna mteja mwingine anakuja saa nane" ni wimbo wa kila siku.

KoruJuu

Wadau nimerudi. Nimezunguka nazo nikiwa na fundi wa Muhoroni.

Yadi ya Nakuru: injini tuliikuta ya moto. Tulikwenda chai kama mlivyosema, tukarudi, ikawaka kwa shida na moshi mweupe ukaendelea kwa muda mrefu. Plau iliyoinuliwa ilikuwa chini kabla fundi hajavuta kiti. Pedali ya klachi imelika ukingo mzima. Niliposema nataka kuona logibuku, nikaambiwa iko Nairobi. Bei ikashuka mpaka laki saba tukiwa tunaelekea getini.

Ya Eldoret ni nzuri kusema ukweli, safi, lakini kwa mliyoyasema kuhusu sangari na udongo usiolimwa nimeiacha.

Mau Narok ndiko kumenisumbua kichwa. Ile Ford ni mbaya kwa macho. Imelala nje, kiti ni gunia. Lakini imewaka baridi mara ya kwanza, gia hazikuruka kwenye mteremko wao ambao si mchezo, plau ilibaki juu tulipokula hadi tukamaliza. Breki ya kushoto ni dhaifu, usukani unacheza, na matairi ya nyuma kweli yamekwisha. Logibuku ni ya mzee mwenyewe, nimeitafuta, iko safi. Amekubali laki sita pamoja na plau.

Mama Trekta, hesabu yako niliifanya. Majirani wanne wako tayari kulimiwa, jumla kama ekari kumi na nane, na wawili wamesema watalipa kabla. Bado si biashara kubwa najua.

MamaTrekta_Kimilili

Ishirini na nne pamoja na zako. Sasa unaongea. Hao wawili waliosema watalipa kabla, wapokee pesa kabla ya kununua tairi, uone kama ni maneno.

MpungaAhero

Nunua hiyo. Uzito wake peke yake ni dawa ya huko chini. Lakini usishuke kwenye mweusi na matairi yaliyolika, utapigia watu simu wakuvute.

FundiNjoro

Kubali, ila panga pesa hivi. Laki mbili zilizobaki usizimalize. Jozi ya matairi ya nyuma mapya itapita laki moja, kwa hiyo anza mwekundu wa juu na haya ya zamani ukitafuta yaliyotumika yenye meno. Breki kabla ya kitu chochote, maana Koru ni milima. Badilisha oili zote na filta za dizeli siku itakapofika, hata mzee akiapa alibadilisha juzi.

KoruJuu

Swali la mwisho. Ile plau ya diski tatu nilime nayo yote kwenye ardhi hii ngumu au nitoe diski moja?

FundiNjoro

Kwa Ford hiyo diski tatu ni sawa huku juu. Chini kwenye mweusi kama inasota, fremu nyingi zinakubali kutoa diski ya nyuma, jaribu mbili. Plau ya diski inaingia kwa uzito, haijivuti yenyewe, kwa hiyo ikiteleza juu funga jiwe zito au gunia la mchanga kwenye fremu kabla ya kulaumu trekta. Mlalo wa diski huwa kati ya nyuzi 15 na 25. Kwa ardhi ngumu isimamishe kidogo karibu na 15, itauma zaidi. Angalia pia beringi za kila diski: ishike juu na chini uitikise. Ikicheza, badilisha kabla ya Januari, maana Februari utazikuta dukani zimeisha.

JaSeme

Na visiki ving'oke kwanza.